Kuzimika kwa Kompyuta Wakati wa Kurekodi Sauti: Namna ya Kubaini Chanzo katika Mazingira ya Sepuka, Mkoani Singida

Ikisiri

Makala hii inafafanua sababu zinazoifanya kompyuta izimike, igande au ifunge programu ya muziki wakati sauti inarekodiwa, na inaeleza utaratibu wa kukibaini chanzo. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Sepuka, kata iliyomo katika Wilaya ya Ikungi, ambako vumbi, joto na umeme usiotulia huathiri vyombo vya kurekodia. Hoja kuu ni kwamba kuzimika si tatizo la aina moja. Sauti hupita katika mnyororo wenye vipingili vingi, na namna kompyuta inavyoshindwa ndiyo ushahidi wa kwanza unaoonesha kipingili kilichokatika. Makala imekusudiwa kuwafaa watafiti wa fasihi simulizi, viongozi wa kwaya na watayarishaji wa muziki wanaofanya kazi mbali na mafundi wa mijini.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi, kurekodi muziki nchini Tanzania kulikuwa kazi ya taasisi chache. Bendi zilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi katika studio za Radio Tanzania, na sauti zao zikahifadhiwa katika tepu. Nyimbo za vijijini zilisubiri mgeni mwenye mitambo. Mwaka 1950, kwa mfano, Hugh Tracey alipita sehemu mbalimbali za Tanganyika akirekodi nyimbo na ala za jadi. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika ambayo ingali inazihifadhi rekodi zake.

Kompyuta imeibadili hali hiyo. Leo kompyuta mpakato moja, kadi ya sauti ya nje, vipaza sauti viwili na programu ya muziki vinatosha kurekodi kwaya ya kanisani, kikundi cha kaswida au wazee wanaoimba nyimbo za kazi kwa Kinyaturu. Studio imehamia kijijini, lakini fundi wa studio hakuhama pamoja nayo. Kompyuta inapozimika katikati ya wimbo, aliyeketi mbele yake ndiye mwanamuziki, ndiye mtafiti na ndiye fundi.

Uzito wa jambo hili hautokani na bei ya vifaa pekee. Msanii kijana anaweza kuurudia wimbo wake mara kumi. Bibi mwenye umri wa miaka themanini, aliyekubali kuimba mara moja wimbo ambao wajukuu zake hawaujui, huenda asiweze kuurudia, na hata akirudia hautakuwa wimbo uleule. Wataalamu wa fasihi simulizi husisitiza kwamba kila utendaji ni tukio la pekee. Kwa hiyo, kompyuta inayozimika wakati wa utendaji haipotezi faili tu, bali hupoteza tukio lisiloweza kuitwa tena.

2.0 Safari ya Sauti Ndani ya Kompyuta

Ili kujua mnyororo umekatikia wapi, ni lazima kwanza kuufahamu. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme hafifu. Kadi ya sauti hukuza umeme huo, kisha huupima mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Katika kazi za kawaida hupimwa sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Namba hizo hupita katika waya wa USB, hupokewa na programu endeshi, yaani draiva ya kadi hiyo, hukabidhiwa programu ya muziki, na mwisho huandikwa katika diski.

Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja. Huzikusanya katika hifadhi ndogo ya mpito iitwayo bafa, kisha huzichakata kwa mkupuo. Bafa yenye sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000, hujaa kila baada ya takriban milisekunde 5.3. Ikiwa na sampuli 1,024, hujaa baada ya milisekunde 21.3. Muda huo ndio mpaka wa subira ya mfumo mzima. Iwapo kompyuta haikumaliza kuchakata mkupuo mmoja kabla ya mwingine kufika, sauti hukwaruza au hukatika.

Hapo ndipo kazi ya sauti inapotofautiana na kazi nyingine za kompyuta. Anayeandika barua hatambui kompyuta ikichelewa kwa sehemu ya sekunde, ilhali anayerekodi hutambua mara moja. Ndiyo maana kompyuta inayoonekana nzima katika shughuli za ofisi huweza kuonesha udhaifu wake siku ya kwanza inapotumika kurekodi.

3.0 Namna Nne za Kushindwa

Watumiaji wengi husema tu kwamba “kompyuta imezima” au “imestaki”. Kauli hizo huficha tofauti ambazo fundi anazihitaji. Kuna namna nne za msingi.

Ya kwanza ni kuzimika ghafla, kama taa iliyokatiwa umeme, bila ujumbe wowote. Hali hii huelekeza shaka kwenye umeme au joto. Ya pili ni kutokea kwa skrini ya bluu yenye maandishi, kisha kompyuta kujiwasha upya. Hapa mfumo wenyewe wa Windows umegundua kosa usiloweza kuendelea nalo, na mara nyingi chanzo ni programu endeshi, RAM au kifaa kilichoharibika. Ya tatu ni programu ya muziki kuganda au kujifunga, huku sehemu nyingine za kompyuta zikiendelea kufanya kazi. Shaka huangukia programu hiyo, plagini zake, au kadi ya sauti iliyoacha kuitikia. Ya nne ni sauti kukwaruza na kukatika pasipo kitu chochote kuzimika. Hiyo ya mwisho ni dalili ya kompyuta kuzidiwa, na mara nyingine hutangulia zile nyingine.

Kuzitofautisha namna hizi hakuhitaji kifaa chochote. Kunahitaji kutazama na kuandika mara moja: saa ngapi, ikifanya nini, na nini kilionekana katika skrini.

4.0 Vyanzo na Dalili Zake

4.1 Umeme

Umeme wa gridi nchini Tanzania hutolewa kwa volti 230. Katika njia ndefu za vijijini kiwango hicho hushuka na kupanda kulingana na matumizi. Singida ni mkoa wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta na kusaga nafaka hutumia mota kubwa. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta, kwa muda mfupi, mkondo unaoweza kufikia mara tano au zaidi ya ule inaoutumia ikiwa imekwisha kushika mwendo. Nyumba zilizo katika laini hiyohiyo huona taa zikififia kwa nukta chache. Taa hustahimili hali hiyo, lakini kompyuta ya mezani isiyo na UPS huweza kuzimika.

Kompyuta mpakato ina kinga yake ya asili, yaani betri. Hata hivyo, kinga hiyo hutoweka betri inapochakaa. Kipimo chake ni rahisi: chomoa chaja wakati kompyuta inafanya kazi. Ikizimika papo hapo, betri hiyo haina msaada, na kila mtikisiko wa umeme utaifikia kompyuta moja kwa moja. Ikiendelea kuwaka, rekodi kwa betri peke yake kwa dakika ishirini. Iwapo tatizo linatoweka, chunguza chaja, soketi na ekstensheni kabla ya kugusa programu yoyote.

Wanaotumia umeme wa jua wana jambo la ziada la kuangalia. Inveta za bei nafuu hazitoi mawimbi laini kama ya gridi, bali mawimbi yenye ngazi. Baadhi ya chaja hupata joto kupita kiasi zikitumia umeme wa namna hiyo, na muungurumo huweza kusikika katika rekodi. Muungurumo husababishwa pia na nyumba kutokuwa na waya wa ethi uliofungwa vizuri. Kurekodi kwa betri ya kompyuta, chaja ikiwa imechomolewa, mara nyingi hutatua yote mawili kwa pamoja.

4.2 Joto na vumbi

Ukanda wa Singida ni nusu kame. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha karibu na Aprili au Mei, na miezi inayofuata huwa ya upepo na vumbi. Vumbi hilo huvutwa na feni hadi ndani ya kompyuta na kuziba mapezi ya kupoozea. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzijoto 100, na joto likizidi kupanda kompyuta hujizima ili isiungue.

Mazingira ya kurekodi huzidisha tatizo hili. Ili kuzuia kelele za nje, madirisha hufungwa na kuta huzibwa kwa mablanketi au magodoro, feni ya chumba huzimwa, na chumba kilichokuwa na hewa hugeuka tanuri. Dalili ya joto ni ratiba yake: kompyuta huanza vizuri asubuhi, huzimika baada ya dakika thelathini au arobaini, na ikiwashwa tena mara moja huzimika mapema zaidi. Tiba yake ni kusafisha feni, kuiinua kompyuta juu ya meza ngumu badala ya kuiweka juu ya kitanda au kitambaa, na kufungua chumba kati ya wimbo na wimbo.

4.3 Nyaya na kadi ya sauti

Tundu la USB la kizazi cha pili limewekewa kikomo cha kawaida cha miliampia 500 kwa volti 5. Kadi ya sauti inayojiendesha kwa umeme huo, huku ikizalisha volti 48 zinazohitajiwa na vipaza sauti vya kondensa, hukikaribia kikomo hicho. Ukiiunganisha kupitia kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na diski ya nje na kibodi ya muziki, vifaa vyote hugombea chakula cha sahani moja. Kadi hukatika kwa nukta moja na kurudi, na programu ya muziki inayoisubiri hubaki imeganda.

Dalili yake ni sauti ile ya Windows ya kifaa kuchomolewa, inayosikika ilhali hakuna aliyechomoa kitu. Unganisha kadi moja kwa moja kwenye kompyuta, badili waya, jaribu tundu jingine, kisha katika mipangilio ya umeme ya Windows zuia kompyuta isizime matundu ya USB kwa ajili ya kubana matumizi.

4.4 Programu endeshi

Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mfumo uitwao ASIO, unaoiwezesha programu ya muziki kuwasiliana na kadi ya sauti bila kupita katika kichanganyio cha Windows. Watengenezaji wengi wa kadi hutoa programu endeshi ya ASIO iliyotungwa kwa ajili ya kadi yao. Kwa upande mwingine ipo ASIO4ALL, ambayo si ya kadi yoyote mahususi, bali hufanya kazi juu ya programu endeshi za kawaida za Windows. ASIO4ALL huwafaa wanaotumia sauti ya ndani ya kompyuta. Mwenye kadi yenye programu endeshi yake hana sababu ya kuitumia, na mbili hizo zikigombea kadi moja huleta mgongano. Mgongano wa namna hiyo hutokea pia pale programu ya muziki inapotaka sampuli 48,000 ilhali programu nyingine iliyofunguliwa inaishikilia kadi kwa 44,100.

Programu endeshi hufanya kazi katika kiini cha mfumo, na ndiyo sababu kosa lake huweza kuangusha kompyuta nzima. Skrini ya bluu yenye maneno DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL au DPC_WATCHDOG_VIOLATION huelekeza shaka huko. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza zaidi kwenye RAM, na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR huelekeza kwenye vifaa vyenyewe, ikiwemo prosesa. Mkosaji si lazima awe kadi ya sauti. Programu endeshi ya Wi-Fi ni miongoni mwa zile zinazojulikana kwa kuichelewesha kompyuta, hivyo ni busara kuzima Wi-Fi wakati wa kurekodi.

4.5 Programu ya muziki na plagini

Plagini ni programu ndogo zinazoongeza ala au kupamba sauti. Katika programu nyingi za muziki plagini hukaa ndani ya nyumba moja na programu mama, na moja ikianguka huiangusha nyumba yote. Dalili yake ni kazi moja kujifunga kila inapofunguliwa, wakati kazi mpya isiyo na plagini hufunguka bila shida.

Hapa haiwezekani kulikwepa suala la programu za wizi. Nakala zilizovunjwa kufuli za FL Studio, Cubase na plagini mbalimbali husambazwa kwa flashi kutoka studio moja hadi nyingine. Mbali na suala la haki za watunzi, nakala hizo zina kasoro ya kiufundi inayohusu makala hii: msimbo wake umebadilishwa na mtu asiyejulikana, na mara nyingi maelekezo ya kuziweka humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi. Kompyuta yenye nakala ya namna hiyo haiwezi kuchunguzwa kwa uhakika, kwa kuwa hakuna anayejua kilichobadilishwa. Kwa kazi ya kurekodi tu, Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, hupatikana bure na kwa halali, na LMMS huwafaa wanaotengeneza midundo.

4.6 Diski

Sauti ya stirio yenye biti 24 na sampuli 48,000 huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa. Njia nane za sauti huchukua zaidi ya gigabaiti nne kwa saa. Diski iliyojaa huifanya programu isimame bila onyo la kueleweka. Aidha, diski za nje na flashi zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32 haziwezi kuhifadhi faili moja linalozidi gigabaiti 4, na faili la kawaida la WAV lina kikomo kama hicho. Kwa stirio iliyotajwa, kikomo hufikiwa baada ya saa nne hivi. Mtafiti anayerekodi ngoma ya usiku kucha hana budi kusimamisha na kuanza faili jipya kabla ya muda huo, na diski yake ipangwe kwa mfumo wa NTFS au exFAT.

5.0 Utaratibu wa Kubaini Chanzo

Kanuni moja inatawala utaratibu wote: badili jambo moja tu kwa wakati, kisha jaribu kwa muda uleule na kwa kazi ileile. Anayebadili waya, akasakinisha upya programu na kusafisha feni kwa siku moja anaweza kupona tatizo, lakini hatajua lilikuwa nini, na likirudi ataanza mwanzo.

Hatua ya kwanza ni kusoma kumbukumbu za Windows katika sehemu ya Event Viewer. Ingizo la Kernel-Power lenye namba 41 humaanisha tu kwamba kompyuta ilijiwasha bila kuwa imezimwa ipasavyo. Halitaji chanzo. Lakini ndani ya maelezo yake kuna msimbo wa kosa. Msimbo ukiwa sifuri, mfumo haukupata nafasi ya kuandika chochote, na hivyo umeme au joto hushukiwa kwanza. Ukiwa na namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu, na uchunguzi uelekee kwenye programu endeshi au vifaa.

Hatua ya pili ni kurekodi bila kadi ya sauti, kwa kipaza sauti cha ndani ya kompyuta, kwa nusu saa. Tatizo likiendelea, kadi na waya wake havihusiki. Likikoma, rudisha kadi kwa tundu na waya mwingine. Hatua ya tatu ni kurudia jaribio kwa betri pekee. Hatua ya nne ni kufungua kazi mpya isiyo na plagini, kisha kuziongeza moja baada ya nyingine. Hatua ya tano ni kupandisha bafa hadi sampuli 512 au 1,024. Anayenasa sauti ya mwimbaji asiyejisikiliza kupitia kompyuta hahitaji bafa ndogo, na kuing’ang’ania ni kuitwika kompyuta mzigo usio na faida.

Hatua ya sita, iwapo zote zilizotangulia hazikutoa jibu, ni kupima RAM kwa kifaa cha Windows chenyewe au kwa MemTest86, na kuiacha ifanye kazi usiku kucha. Programu iitwayo LatencyMon husaidia kuonesha ni programu endeshi ipi inayoichelewesha kompyuta. Kusakinisha Windows upya kuwe hatua ya mwisho, kwani hufuta ushahidi pamoja na tatizo, na hakutibu feni iliyoziba wala betri iliyokufa.

6.0 Kuokoa Kilichorekodiwa

Kompyuta inapozimika, watu wengi huamini kwamba kila kitu kimepotea. Mara nyingi sivyo. Programu nyingi za kurekodi huandika sauti katika diski kadiri inavyoingia, hazisubiri mtumiaji ahifadhi. Kinachokosekana ni taarifa ya mwanzo wa faili inayotaja urefu wake, ambayo hukamilishwa rekodi inaposimamishwa. Faili kama hilo huonekana lina sekunde sifuri, ingawa ukubwa wake ni mamia ya megabaiti.

Jambo la kwanza ni kutorekodi tena katika diski hiyo. Jambo la pili ni kunakili folda nzima kwenye diski nyingine. Kisha fungua nakala kwa Audacity kwa kutumia nafasi ya kuleta data ghafi, na utaje mwenyewe biti, idadi ya sampuli na kama ni njia moja au stirio. Sauti iliyodhaniwa imepotea mara nyingi hujitokeza, pengine ikitanguliwa na mkwaruzo mfupi. Ndiyo sababu mipangilio hiyo iandikwe daftarini kabla ya kuanza kurekodi.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni kuwa na kinasa sauti cha pili kinachojitegemea. Simu ya mkononi iliyowekwa katika hali ya ndege, mbele ya mwimbaji, haitatoa sauti yenye ubora wa kipaza sauti cha studio, lakini itakuwa na kila neno na kila ubeti.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuzimika kwa kompyuta wakati wa kurekodi hueleweka pale mtumiaji anapoitazama kama mnyororo na kuuliza ni kipingili kipi kilichokatika. Katika mazingira ya Sepuka, uchunguzi uanze na umeme na joto, ufuate nyaya, ndipo ufike kwenye programu. Mpangilio huo ni kinyume cha mazoea ya wengi, ambao huanza kwa kusakinisha programu upya.

Inapendekezwa kwamba idara zinazotuma wanafunzi kukusanya fasihi simulizi ziingize maarifa haya katika mafunzo ya mbinu za utafiti. Mwanafunzi hufundishwa kuandaa hojaji na kuomba idhini ya wahojiwa, na hayo ni ya lazima. Hata hivyo, anayekwenda kumrekodi mzee bila kujua kama betri ya kompyuta yake inashikilia umeme anaiweka rehani hazina isiyo yake. Jaribio la nusu saa, lililofanywa siku moja kabla ya safari kwa vifaa vilevile na mipangilio ileile, lihesabiwe kuwa sehemu ya utafiti wenyewe.